Kufuata Jua, Kukabili Jua na Kuelekeza Mwali

Mfasiri anayeshughulikia maelezo ya mitambo ya kukusanya miale ya jua kwa vioo hushawishika kutumia istilahi moja, "kufuata jua", kwa kila kioo kinachogeuka kadiri jua linavyokwenda. Katika mazungumzo ya kawaida hapana kosa. Lakini fundi atakayeifuata tafsiri hiyo neno kwa neno ataweza kukielekeza kioo mahali pasipofaa.

Chukua kwanza kioo mbonyeo, chenye umbo la karai, ambacho hukusanya miale kwenye fokasi yake chenyewe. Hiki hakina budi kulitazama jua uso kwa uso. Sasa chukua kioo bapa kinachopeleka miale kwenye shabaha isiyosogea. Huko Odeillo, Ufaransa, vioo bapa 63 vilivyopangwa mtelemkoni huakisi mwanga kuelekea kioo mbonyeo kimoja kikubwa kisichogeuka, na joto katika fokasi yake hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Kila kimoja cha vioo hivyo 63 hakilitazami jua, wala hakiitazami shabaha. Uso wake huelekea katikati ya viwili hivyo, maana mwali huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyoingilia. Mtoto achezeaye kipande cha kioo juani ajua hayo bila kufundishwa: akikiinamisha kidogo tu, doa la mwanga huruka mbali ukutani.

Kwa hiyo twapendekeza "kukabili jua" kwa karai, na "kuelekeza mwali" kwa kioo bapa. "Kufuata jua" ibaki kuwa jina la jumla. Kioo chenyewe cha aina ya pili kiitwe "kioo elekezi". Wapo wanaopendelea "heliostati", nalo si neno baya. Ila asili yake ya Kiyunani yahusu jua na kusimama, kwa kuwa mwali uakisiwao hubaki umetulia ingawa jua linakwenda. Ni ajabu basi kulifasiri kwa kitenzi "kufuata".

Tofauti hii yaonekana zaidi katika kihisi. Kihisi cha kawaida kina seli mbili za mwanga zilizotenganishwa na kikingio kidogo. Jua likisogea upande, kivuli cha kikingio huangukia seli moja. Tofauti ya umeme baina ya seli hizo huendesha mota mpaka zote zipate mwanga sawa. Kazi hii yataka usahihi, kwani jua huonekana kuwa na upana wa karibu nusu nyuzi, na kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa huupita upana huo kwa dakika 2 hivi. Kwenye karai, kihisi hufungwa juu ya karai lenyewe. Kikifungwa vivyo hivyo kwenye kioo elekezi, kitakigeuza kioo kilikabili jua, na shabaha itabaki gizani. Huko sharti kiwekwe katika njia ya mwali ulioakisiwa. Basi cha kwanza ni "kihisi jua", cha pili ni "kihisi mwali".

Limebaki suala la mawingu. Jua likifichwa, kihisi huweza kuvutwa na ukingo wa wingu unaong'aa. Ndiyo sababu mitambo mingi hukokotoa pia mahali pa jua kwa tarehe, saa na latitudo. Kitendo cha kulitafuta jua upya wingu lipitapo si kufuata. Yafaa kiitwe "kusaka jua". Hesabu hukianza, na kihisi hukimalizia.