Kongwa Katika Wino: Asili ya Picha za Utumwa Tulizozirithi

Ndugu msomaji, uliyezaliwa Nyabusozi au kwingineko katika nchi ya Ngara na Biharamulo, na ambaye riziki imekupeleka ughaibuni, bila shaka umepata kuiona, katika kitabu cha shule au ukutani mwa jumba la makumbusho, ile taswira ya mateka waliotiwa kongwa shingoni wakiswagwa njiani. Nami nataka kueleza ilikotoka, kwani haikupigwa kwa kamera, wala fundi aliyeichonga hakuwapo njiani.

Ilizaliwa ubaoni. Fundi wa London alitwaa kipande cha mti mgumu, akachimba kwa kalamu ya chuma kila mahali palipotakiwa kubaki peupe, na pale alipopaacha ndipo wino uliposhika. Na kwa kuwa ubao huo uliweza kufungwa matbaani pamoja na herufi za risasi, maneno na taswira vilipigwa chapa kwa mkupuo mmoja, nakala maelfu. Wapinzani wa utumwa Uingereza walikuwa wamekwisha kuijua nguvu hiyo tangu 1788, ulipochapwa Plymouth mchoro wa merikebu Brookes ya Liverpool, watu wamelazwa ndani yake ubavu kwa ubavu kama shehena.

Mwaka 1874 zilitoka kwa mchapishaji John Murray shajara za mwisho za msafiri David Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller. Humo, tarehe 19 Juni 1866, mna habari ya mwanamke waliyempita akiwa amefungwa shingo mtini, amekwisha kufa; na ukatili wa namna hiyo ndio uliotiwa katika nakshi za kitabu. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walikuwa Uingereza mwaka huo wakimsaidia Waller, na Chuma mwenyewe alikuwa mateka aliyekombolewa 1861, basi tusidhani kwamba kazi ile ni ya wageni peke yao. Hata hivyo insafu yataka tukiri kwamba si chapa hizo zilizofunga soko la watumwa la Unguja: Sultani Sayyid Barghash alikwisha kutia sahihi mkataba wa kulifunga tarehe 5 Juni 1873, ilhali huku bara misafara ilikuwa ingali ikipita.

Na kwetu ilipita. Njia ya Tabora kwenda Karagwe, njia ya pembe na watumwa, ilikatiza Usui, pande hizi zetu, ambako wasafiri Waingereza Speke na Grant walizuiwa 1861 na mtemi Suwarora kwa ajili ya hongo. Na michoro ya Grant, iliyochongwa na kuchapwa katika kitabu cha Speke cha 1863, ni miongoni mwa sura za mwanzo za pande zetu kuonekana Ulaya.

Linalonihuzunisha katika chapa hizi ni kwamba aghalabu mateka hana jina wala kauli. Aonewa huruma, lakini haulizwi. Kwa hiyo mzazi anayemwonyesha mwanawe picha ya kongwa na amsomee pia hadithi zilizokusanywa na A. C. Madan katika kitabu Kiungani cha 1887, ambamo vijana waliokombolewa na kulelewa na misheni huko Unguja wanasimulia wenyewe makwao, kutekwa kwao na kuuzwa kwao mkono kwa mkono. Vijana wa misheni hiyo walifunzwa na uchapaji, na mikono yao ndiyo iliyopanga herufi za baadhi ya maandiko ya Kiswahili ya Askofu Edward Steere.