Jua la Tabora lataka dagaa

Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200. Saa sita mchana jua hukaribia utosini mwaka mzima, na mkazi wa kata ya Gongoni mjini humo anayekwenda sokoni au shambani hulipata bure. Kwa upande wa vitamini D, amebarikiwa. Ila mifupa haijengwi na jua peke yake.

Mionzi ya jua ikipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo huchukua asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyoliwa. Ikitosha, hufika asilimia 30 au 40. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu. Wataalamu wengi huridhika na 50.

Jos, Nigeria, nako jua halikosekani, lakini watoto walipata matege. Mwaka 1999 watafiti walieleza kuwa waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vitamini D pekee. Chakula chao kilikuwa na miligramu 200 hivi tu za kalsiamu kwa siku.

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000. Mwanamke aliyepita miaka 50, 1,200. Ugali wa mahindi hauna kalsiamu ya kutajika. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300, na mtindi vilevile. Mchicha unayo, ila asidi ya oksaliki iliyomo huishika isifyonzwe vizuri. Uji wa ulezi unaushinda wa mahindi kwa mbali.

Halafu kuna dagaa wa Kigoma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Ujiji, na mji ukawa jirani wa Ziwa Tanganyika. Dagaa ana faida kwa sababu huliwa na mifupa yake, tofauti na mnofu wa sangara ambao miiba yake huishia pembeni ya sahani. Wapishi wengi humloweka kwenye maji ya vuguvugu kutoa mchanga, kisha humkwanyua kichwa na kumtoa utumbo kupunguza uchungu. Utumbo na utoke. Kichwa kikibaki, kalsiamu yake nayo hubaki. Kwa mtoto mdogo, dagaa waliokaushwa vizuri husagwa, unga wake ukachanganywa kwenye uji.

Wajawazito wana sababu nyingine ya kutafuta kalsiamu. Jaribio lililotangazwa mwaka 2024, likiwa na wanawake 11,000 nchini Tanzania na idadi kama hiyo India, lilionyesha kuwa miligramu 500 za kalsiamu ya vidonge kwa siku hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia shinikizo la damu la hatari wakati wa ujauzito. Dozi yenyewe hupangwa kliniki.

Wanaohitaji kuangaliwa zaidi ni wanaokosa jua hata hapo Tabora: wagonjwa wa kitandani, wazee wasiotoka, wanaojifunika mwili mzima na watoto wachanga wanaofungiwa ndani. Kuota jua nyuma ya kioo hakuwasaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayotakiwa. Mtoto anayepinda miguu au kuchelewa kutembea apelekwe hospitali mapema, maana matege ya lishe hutibika.