Dawa ya Chupa na Injini Kuukuu ya Dizeli

Katika kipindi cha leo tutazungumza juu ya injini za dizeli zilizokwisha kula chumvi nyingi: trekta la Massey Ferguson 135 uliloachiwa na baba, mashine ya kusaga ya kijiji, au pampu ya kikundi inayovuta maji ya mto kwenda kwenye vitunguu. Injini hizi bado zinatulisha. Lakini siku hizi maduka mengi ya spea yana chupa za dawa ya kuchanganya kwenye dizeli, na muuzaji atakuambia kwamba dawa hiyo inaponya kila kitu. Je, ni kweli? Na kama fedha uliyo nayo inatosha kitu kimoja tu, ununue chupa au ununue chujio?

Jibu letu ni hili: nunua chujio kwanza. Dawa ina kazi yake, lakini kazi hiyo huanza pale usafi wa mafuta unapokuwa umekwisha kushughulikiwa. Sasa tueleze sababu.

Kwanza, tuijue pampu ya nozeli. Oili ya injini hulainisha pistoni, ringi na krenkishafti. Lakini ndani ya pampu ya nozeli, vile vyuma vinavyosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Katika Massey Ferguson 135 yenye pampu ya CAV ya kuzunguka, pampu nzima huogelea ndani ya dizeli. Haina oili yake. Vyuma hivyo vimebanana sana. Ukiigawa milimita moja mafungu 1,000, nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma ni mafungu 2 au 3 tu. Unywele wa kichwa chako ni mnene zaidi ya mara 15. Basi fikiri mwenyewe chembe ya mchanga ikipita hapo itafanya nini.

Pili, tuijue dizeli ya siku hizi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kipimo cha salfa kisichozidi miligramu 50 katika kilo moja ya dizeli. Zamani salfa ilikuwa nyingi zaidi. Kupunguza salfa ni jambo jema: moshi una sumu kidogo, na oili ya injini haiharibiwi upesi na asidi. Lakini kazi ya kuitoa salfa kiwandani huondoa pia vitu vya asili vilivyokuwa vikiipa dizeli utelezi. Kwa sababu hiyo, wenye mafuta hutia dawa ya kurudisha utelezi kabla dizeli haijafika kituoni. Maana yake ni kwamba dizeli halali uliyonunua kituoni inatakiwa iwe tayari na dawa yake. Hapo chupa ya dukani ni nyongeza tu.

Huenda ukaona pampu kuukuu inaanza kuvuja baada ya kubadili aina ya dizeli. Mipira ya zamani, iliyozoea dizeli ya aina nyingine, inaweza kusinyaa. Hilo halitibiwi kwa dawa ya chupa. Mwite fundi abadilishe mipira.

Tatu, tuwajue adui wa kweli. Wako watatu: maji, taka na mafuta ya taa.

Maji huingia kwenye pipa bila kubisha hodi. Pipa likisimamishwa nje, mvua hutuama juu ya kifuniko. Mchana pipa hupata joto, usiku hupoa, na linapopoa huvuta hewa pamoja na maji yale kupitia kwenye kifuniko. Tangi la trekta likilala nusu tupu, unyevu wa hewa huganda kuwa matone. Maji huleta kutu. Tena, pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi kama kamasi, nao huziba chujio.

Mafuta ya taa nayo yana utelezi mdogo kuliko dizeli. Walanguzi waliyachanganya kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi kwa bei. Ndiyo maana mwaka 2010 nchini Tanzania mafuta yalianza kuwekwa alama maalumu ili yaliyochakachuliwa yagunduliwe, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei ipungue. Hata hivyo, ukinunua kwenye madumu kando ya barabara hujui unachopewa. Nunua kituoni, na uchukue risiti.

Haya, sasa fanya jaribio dogo. Chota dizeli kutoka chini kabisa ya pipa, uitie katika chupa safi inayoonyesha, uiache usiku kucha. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo asubuhi maji utayaona yamekaa chini na dizeli juu. Ukiona maji, taka au kamasi nyeusi, usiende dukani kununua dawa. Safisha pipa kwanza.

Utunzaji wenyewe ni huu:

1. Laza pipa kivulini juu ya magogo, ule upande wenye koki uinuke kidogo. Maji na taka zitakusanyika upande wa nyuma, mbali na koki.
2. Dizeli mpya iache itulie siku nzima kabla ya kuitumia, na usitumie ile ya chini kabisa.
3. Usihifadhi dizeli kwenye chombo cha bati lililopakwa zinki. Dizeli hula zinki, na uchafu wake huenda kuziba nozeli.
4. Jaza tangi jioni baada ya kazi, siyo asubuhi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi.
5. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua skrubu iliyo chini ya chujio au kikombe cha kutega maji, hadi itoke dizeli safi tupu.
6. Badilisha chujio kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashine. Kama mafuta yako ni ya mashaka, badilisha mapema zaidi, kisha toa hewa kwenye mfumo kabla ya kuwasha.

Ukishafanya hayo, ndipo tuzungumze juu ya dawa. Dawa si moja. Iko ya kuongeza utelezi. Hiyo ndiyo inayoweza kuisaidia pampu kuukuu, hasa kama huna uhakika na dizeli unayopata. Iko ya kusafisha nozeli zenye masizi. Iko ya kufanya dizeli iwake upesi, inayosaidia injini ngumu kuwaka asubuhi. Iko ya kuua vijidudu, ambayo ni sumu, vaa glavu. Na iko ya kuzuia dizeli isigande kwa baridi. Hiyo ni ya nchi za theluji, wewe iache. Soma kibandiko ujue unanunua ipi. Kibandiko kisichosema kazi ya dawa wala kipimo chake, rudisha chupa mezani.

Kipimo ni muhimu. Tuseme kibandiko kinasema sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 1,000 za dizeli. Pipa la lita 200 litataka mililita 200. Dumu la lita 20 litataka mililita 20, yaani vijiko vinne vidogo vya mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tia dawa kwanza, halafu mimina dizeli juu yake ili vichanganyike. Kuzidisha hakuongezi faida. Na chupa iweke mbali na watoto; usiihamishie kwenye chupa ya soda.

Michanganyiko ya kienyeji tuiache. Oili chafu ina masizi na vumbi la chuma, nayo itaziba chujio na kula pampu. Petroli hupunguza utelezi, na hufanya dizeli ishike moto kwa urahisi wa hatari. Spiriti hunyonya maji, ni kweli, lakini inaharibu mipira na kukausha pampu. Mafuta ya kula yasiyosafishwa kiwandani yana utomvu unaoganda kwenye nozeli.

Tena, ndugu mkulima, ujue dawa isichoweza. Injini ikitoa moshi wa buluu inachoma oili: ringi au vavu zimechoka. Moshi mweusi, angalia kwanza chujio la hewa, mzigo, na nozeli. Pampu iliyokwisha kulika haikui tena kwa dawa. Hapo ni kazi ya fundi.

Mwisho, piga hesabu. Tuchukue mfano: chupa ya shilingi 30,000 inatosha lita 500, umeongeza shilingi 60 kwa kila lita. Kama kikundi kinatumia lita 500 kwa msimu, uliza: hizo 30,000 zingenunua machujio mangapi? Kama machujio mmekwisha nunua na pipa ni safi, chupa ya utelezi si hasara. Lakini kama chujio lina miaka miwili halijaguswa, chupa hiyo ni kama kumpa mgonjwa vitamini huku anakunywa maji ya dimbwi.

Pampu ikifa wakati vitunguu vinatunga, shamba halisubiri spea itoke mjini. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya lolote, fanya lile jaribio la chupa inayoonyesha. Wanakikundi wote waje waone kilichokaa chini. Mkishakiona, mtajua fedha ya kikundi ianzie wapi. Kazi njema.