Kuni Rahisi Zenye Gharama Kubwa

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kudhani kwamba neno likishaingia katika kamusi limesalimika. Neno kuni limo katika kila kamusi ya Kiswahili niijuayo, pamoja na umoja wake, ukuni, ambao wanafunzi wengi siku hizi wameusahau, wakawa wanasema "kuni moja" pasipo kuona kwamba kuna lililokosewa. Lakini ujuzi uliokuwa ukibebwa na neno hilo, yaani kujua ni mti gani wa kununuliwa, ukatwe vipi, uanikwe wapi na kwa muda gani, haumo katika kamusi yoyote. Na ujuzi huo unahitajika upya, kwa sababu kuni zimerejea majumbani mwetu kisiwani Mombasa.

Sababu za kurejea kwake si siri. Mnamo Septemba 2018 Serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja ya kuzuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Julai 2021 gesi ya kupikia nayo ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka wa 2022 na kuondolewa mwaka wa 2023. Kodi iliondoka, lakini mtungi ulikuwa umekwisha kuuzwa katika nyumba zisizo chache. Aliyekuwa amezoea kuwasha kwa kiberiti na kuzima kwa kidole sasa anatafuta kuni, tena anatafuta kuni rahisi. Hapa nalitumia neno rahisi kwa maana ya watu wa pwani, yaani kitu cha bei ya chini, wala si kitu kisicho kigumu. Maana hizo mbili zinagongana vibaya katika biashara ya kuni.

Vichochoro vya Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze, vingi havipitiki na lori. Kwa hiyo kuni hufika kwa mkokoteni na huuzwa kwa tita. Tita halipimwi kwa mizani. Hupimwa kwa jicho. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi hulalamika, bei hupunguzwa kidogo, na kila mmoja huenda zake akiamini kuwa amefaidi. Kinachosahauliwa ni kwamba mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake.

Na tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi. Tuchukulie matita mawili yenye uzito wa kilo 20 kila moja. La kwanza ni la kuni mbichi, linauzwa shilingi 200, na asilimia 45 ya uzito wake ni maji. La pili ni la kuni kavu, linauzwa shilingi 250, na maji yake ni asilimia 20, kiwango ambacho kuni zilizoanikwa vizuri huweza kufikia. Katika tita la kwanza mna kilo 11 tu za mti; kilo 9 ni maji. Katika la pili mna kilo 16 za mti. Kilo moja ya mti katika tita "rahisi" imemgharimu mnunuzi zaidi ya shilingi 18, na katika tita "ghali" haikufika shilingi 16. Hapo bado hatujahesabu moto unaopotea kwa kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni kabla ya kuyachemsha yaliyomo chunguni. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye huamka kabla ya alfajiri kupika mahamri ya kuuza, hakupata kuhitaji hesabu hiyo. Alilitazama tita nililokuwa nikimsaidia kupokea mlangoni, akaugusa ukuni mmoja, akasema, "Mwanangu, hizi si kuni, haya ni maji yamefungwa kamba." Tita likarudi mkokotenini.

Namna ya kuzitambua kuni kavu haina ugumu. Tazama ncha: ukuni mkavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kama miale. Tazama gome: huachia kwa urahisi. Zigonganishe mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti iliyoziba. Na mwenye shaka hata baada ya hayo, autie ukuni mmoja motoni. Ukianza kutoa povu na kulia kwenye ncha, jibu ameshalipata.

Hata hivyo, mnunuzi mwerevu anaweza kuzinunua kuni mbichi kwa kusudi, alimradi ana subira na mahali pa kuzianika. Huyo ndiye anayepata kuni rahisi kwa maana halisi. Wakati wake ni kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ambapo jua ni kali na mvua ni chache. Anayengoja hadi masika, hasa mwezi wa Mei, hununua kilichoroweshwa na mvua, na mvua hailipiwi mara moja tu. Hulipiwa tena kwa moshi. Kuni zikishanunuliwa, zichanjwe mara moja. Gogo zima lililofunikwa na gome hushikilia maji yake kwa miezi mingi, ilhali lililochanjwa hutoa maji kupitia uso wake mzima. Unene wa kifundo cha mkono wa mtoto unatosha kwa jiko la nyumbani. Kisha zipangwe kwa kupishana juu ya mawe au vipande vya mbao, zisiguse sakafu, mahali penye kupita upepo. Wengi huzifunika gubigubi kwa nailoni wakidhani wanazikinga, kumbe wanazitia mvuke. Zifunikwe juu peke yake, ubavuni ziachwe wazi. Na asizihifadhi mtu katika chumba cha chini kisicho na dirisha, maana hewa ya bahari yetu ina unyevu na ukuni huunywa.

Nimetumia hapo juu kitenzi kuchanja, na hapa nataka kusimama kidogo, kwani ndipo ufundi wangu na mada hii vinapokutana. Waulize wanafunzi wa leo maana ya kuchanja. Watakutajia sindano, hususan baada ya kampeni za chanjo ya korona za mwaka wa 2021. Hawakukosea, kuchanja ni kutia mkato, na chanjo za zamani zilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Lakini maana ya shoka na gogo wengine hawana habari nayo. Waulize tena kuhusu methali isemayo, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi wa chuo kikuu iliyofafanua kwamba methali hiyo inahimiza kujikinga na maradhi. Insha yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili kizuri! Kinga cha methali ni kipande cha ukuni chenye moto upande mmoja, ambacho pia huitwa kijinga. Kimoja kikiachwa peke yake hufifia na kuzimika; viwili vikikaribiana hupashana joto na kulipuka moto. Sisemi kwamba kinga hicho na kinga ya mwili vina mzizi mmoja. Nasema kwamba asiyepata kuona vinga viwili vikisogezwa pamoja atakariri methali bila kuielewa, nasi tutampa alama kwa kukariri.

Vivyo hivyo kuhusu jifya, ambalo wengine huliita figa. "Jifya moja haliinjiki chungu," husema wahenga, na mwanafunzi hukwama mara mbili: hajui jifya, wala hajui kuinjika, ambako wa Unguja angekuita kuteleka. Mafya matatu yenyewe ni jiko la hasara, kwani joto kubwa hutoroka pembeni. Ndiyo maana wataalamu nchini mwetu walibuni majiko ya udongo ya kuni, yakiwamo Upesi na lile lililopewa jina zuri kuliko yote, Kuni Mbili. Aliyelibuni jina hilo alifanya kazi ambayo vitabu vingi vya maelezo havikuiweza.

Je, mtu asiye na fedha za tita apate wapi moto? Vifuu vya nazi huwaka kwa ukali na vinafaa kwa kukoka moto. Makumbi hayana haraka, hutoa moshi, lakini hutunza moto kwa saa nyingi. Kwa maseremala hupatikana maranda na vipande vya mbao, mara nyingine bure. Zipo pia mbao za paleti zitokazo bandarini, na hapo nasisitiza tahadhari. Paleti za usafirishaji wa kimataifa hupigwa muhuri: HT maana yake zimetibiwa kwa joto, na MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Zenye MB zisiingie jikoni. Kadhalika mbao zenye rangi, zikiwamo za milango na madirisha ya zamani yanayong'olewa katika mtaa wetu: rangi za kale aghalabu zilitiwa risasi, na moto hauiondoi risasi, bali huihamishia hewani na majivuni.

Suala la mikoko ni zito zaidi. Mkoko na mkandaa hutoa moto mzuri sana, na hori ya Tudor iko karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulikadiria kwamba kati ya 1992 na 2009 hori hiyo ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Lawama si ya kuni peke yake. Mna maji taka na mna mchanga ulioletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Lakini shoka nalo lina sehemu yake, na samaki anayezaliwa kwenye mizizi hiyo ndiye huyo huyo tunayemtafutia kuni za kumkaanga. Anayenunua mikoko isiyo na kibali, basi, analipa bei ya leo kwa kukopa kitoweo cha kesho.

Mbadala upo, nao ni mvinje. Mnamo 1971 René Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo makavu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache mno iliyokubali kuishi pale. Wakulima wa Kwale na Kilifi huupanda kwa ajili ya nguzo, na matawi yake ni kuni zinazowaka vizuri hata kabla hazijakauka sana. Kule Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 huuza haki za kaboni kutokana na kuuhifadhi msitu wao wa mikoko, walipanda mivinje makusudi ili watu wapate miti ya kukata bila kuigusa mikoko. Kwa hiyo muuzaji akifika na mkokoteni, swali la kwanza lisiwe "Bei gani?" bali "Mti gani, na ulikatwa lini?" Muuzaji mwaminifu hujibu bila kutafuta maneno.

Limebaki la moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, wakiwamo watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Katika nyumba zetu zilizobanana, moshi wa jiko la uani hupanda hadi chumba cha jirani, na anayeuvuta zaidi ni mama aliyeinama akipuliza kuni mbichi. Shule nyingi nchini hupikia kuni pia. Mwalimu anayesoma haya anaweza kesho, wakati wa mapumziko, kwenda nyuma ya jiko la shule yake na kutazama kama kuni zimechanjwa, kama zimeinuliwa kutoka ardhini, na mpishi anakohoa kiasi gani. Awachukue na wanafunzi wa kidato cha tatu, wabebe kalamu.