Akademia ya Mtaani: Mlango Ulio Wazi kwa Watoto Wetu



Kila mwaka likizo ya kiangazi inapokaribia, swali moja hutujia kutoka kwa wazazi wa jumuiya yetu: je, hapa Brussels ipo shule ya msingi ya umma ambamo mtoto mwenye kipaji cha kuchora, kuimba au kucheza dansi aweza kuandikishwa, ili kipaji hicho kisife? Swali ni jema, na jibu lake lahitaji maelezo, kwa sababu wengi wetu hutafuta kitu kilicho adimu, ilhali kilichopo kwa wingi twakipita kila siku tukielekea kituo cha tramu.

Wenye jamaa Marekani wamesikia habari za shule za msingi za umma zilizojengwa juu ya sanaa. Shule za namna hiyo zilienea tangu miaka ya 1970, miji ilipotakiwa kukomesha utengano wa watoto weupe na weusi madarasani. Shule ilipewa sifa ya pekee, kama vile muziki au sayansi, ili familia za kila rangi ziitamani kwa hiari yao; na maombi yakizidi nafasi, mara nyingi hupigwa kura. Ubelgiji haukufuata njia hiyo. Kifungu cha 24 cha Katiba kinalinda uhuru wa mzazi kuchagua shule, lakini shule za msingi zenye mkazo wa sanaa ni chache. Hapa sanaa imejengewa nyumba yake yenyewe, nayo ni akademia. Mtoto husoma katika shule ya kawaida kama wenzake; kisha jioni, au Jumatano alasiri baada ya shule kufungwa saa sita, au Jumamosi, huenda akademia.

AKADEMIA NI NINI?

Akademia ni shule ya umma ya sanaa, na nyingi zinaendeshwa na manispaa. Etterbeek, kwa mfano, ina akademia ya muziki yenye jina la Jean Absil na ya uchoraji yenye jina la Constantin Meunier. Molenbeek ina akademia yake ya uchoraji na sanaa za kuonekana. Walimu ni wenye shahada, mishahara yao hutolewa na Jumuiya ya Kifaransa au ya Kiflemi, na mafunzo hufuata utaratibu wa madaraja. Kwa upande wa Kifaransa sheria inayoongoza ni ya mwaka 1998. Kwa upande wa Kiholanzi ni ya mwaka 2018.

Pande zote mbili zina nyanja nne: muziki, dansi, uchoraji pamoja na sanaa nyingine za kuonekana, na sanaa ya usemi na maigizo. Katika akademia za Kifaransa mtoto aweza kuanza muziki au dansi akiwa na miaka 5, na uchoraji akiwa na 6. Usemi huja baadaye kidogo. Katika zile za Kiholanzi mlango hufunguliwa akiwa na miaka 6, kwa darasa la kuonja sanaa mbalimbali, na muziki wenyewe huanza akiwa na 8.

"HAYO NI MICHEZO TU"

Twajua pingamizi linalosemwa sebuleni: hatukuvuka bahari ili mtoto apige ngoma, na asome hesabu kwanza. Pingamizi hili tusilidharau, kwa kuwa limezaliwa na hofu ya haki. Mzazi anayefanya usafi ofisini alfajiri ana haki ya kuuliza kama saa mbili za kuchora zitamlisha mwanawe.

Lakini historia yetu wenyewe ina ushahidi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Hakuwataka wanafunzi waige michoro ya Ulaya, bali kila mmoja atumie jicho lake. Humo walitokea Pilipili Mulongoy na ndege na samaki zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake myembamba, na Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Kazi zao sasa zimo katika makumbusho. Vipaji hivyo wangeweza kuzikwa navyo, lau wasingepata mahali, muda na mtu wa kuwatazama wakifanya kazi. Mambo hayo matatu ndiyo akademia inayompa mtoto, na hapa hayangoji hisani ya mtu mmoja.

Mfano wa karibu zaidi ni Paul Van Haver, ambaye dunia yamjua kwa jina la Stromae. Alizaliwa mwaka 1985, baba yake akiwa Mnyarwanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi aliandikishwa katika akademia ya muziki ya Jette, akajifunza ngoma za kisasa. Hatusemi kwamba kila mtoto atakayeandikishwa atakuwa Stromae. Twasema kwamba mlango alioupitia ni wa umma, nao ungalipo.

Wala hatuahidi kwamba muziki utapandisha alama za hesabu. Faida tunayoijua sisi tuliosimama mbele ya ubao kwa miaka mingi ni nyingine. Watoto wetu wengi hupimwa shuleni kwa kipimo kimoja, yaani lugha, na kipimo hicho huwaonyesha kila siku kile wasichonacho. Mtoto huanza kujiona kuwa ni mtu wa kukosea, na kufikia miaka 12, njia za sekondari zinapoanza kufikiriwa, amekwisha kuzoea kukaa nyuma. Katika akademia hukutana na mwalimu asiyejua alama zake za imla, na kazi ambayo ubora wake huonekana. Na katika darasa la usemi huifanyia mazoezi ile lugha inayomtisha, lakini kwa kuigiza, kicheko kikiwa sehemu ya somo. Aliyesimama jukwaani mara tatu hunyoosha mkono darasani bila kutetemeka.

NAMNA YA KUANDIKISHA

Kwanza, msichanganye mambo mawili. Uandikishaji wa shule ya msingi una taratibu zake: shule za Kiholanzi za Brussels hupokea maombi kwa pamoja kupitia intaneti, kwa tarehe maalumu, zile za Kifaransa kwa kawaida hupokea maombi zenyewe. Elimu ni ya lazima tangu miaka 5, kuanzia Septemba 2020, na shule hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu wazazi wake hawana kibali cha ukaazi. Akademia huandikishwa kando, katika ofisi yake.

Pili, tarehe. Uandikishaji kwa kawaida huanza kabla ya kiangazi na kufungwa mwisho wa Septemba, lakini madarasa ya piano na gitaa huwahi kujaa. Nendeni mwezi wa sita, msingoje wa tisa.

Tatu, ada. Kwa miaka mingi akademia za Kifaransa zimewasamehe ada ya serikali watoto ambao hawajatimiza miaka 12. Zile za Kiholanzi hutoza ada ya watoto, nayo hupunguzwa kwa familia zenye kipato kidogo na kwa ndugu walio nyumba moja. Viwango hupangwa upya, kwa hiyo ulizeni cha mwaka husika; ulizeni pia gharama za vifaa na kama ala ya muziki yaweza kukodishwa. Anayepokea msaada wa CPAS achukue hati yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni nakala za kila karatasi.

Nne, kalenda. Tangu 2022 shule za Kifaransa hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti na zina likizo zake, hali zile za Kiholanzi hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Mtoto anayesoma shule ya lugha moja na akademia ya lugha nyingine atakuwa na likizo zisizolingana. Lipimeni jambo hili kabla ya kutia sahihi, hasa nyote wawili mkiwa kazini.

SUBIRA NA KUHUDHURIA

Katika muziki, mtoto hujifunza kwanza kusoma nota na kuimba kabla ya kukabidhiwa ala, au sambamba nayo. Wengi huacha hapo, wakidhani wamedanganywa. Mwelezeni mapema, kama tulivyoelezwa kwamba huwezi kuandika barua kabla ya kuzijua herufi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje taratibu.

Na jioni ya maonyesho ifikapo, nendeni. Viti vya wazazi wetu mara nyingi huwa vitupu, si kwa kutopenda bali kwa zamu za kazi. Asiyeweza amtume shangazi, mjomba au jirani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto anayecheza mbele ya ukumbi usio na mtu wake hata mmoja huhisi kwamba yuko ugenini, hata kama amezaliwa mtaa huohuo.

Basi, ndugu zetu, juma hili tazameni mlango wenye neno "Académie" au "Academie" katika manispaa yenu, mwingie pamoja na mtoto, na mumwache yeye mwenyewe amwambie karani anachotaka kujifunza. Mwenye lugha amsindikize asiye nayo.