Gari la Kulala: Kabla Hujamlipa Fundi

Tuseme fundi amekutajia milioni 6 kugeuza basi dogo liwe na kitanda, kabati na jiko. Gesti unayofikia safarini ni ya 30,000. Pesa hiyo ingekulaza siku 200, na gari lenyewe bado hujanunua.

Kuagiza Japani lililokwisha tengenezwa kunashawishi, lakini bei ya kwenye tangazo siyo utakayolipa. TRA hutoza ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na hesabu huanzia bei ya gari pamoja na usafirishaji na bima hadi bandarini. Kwa hiyo hata kitanda na kabati unavilipia kodi. Likiwa kuukuu, kuna ushuru wa uchakavu juu yake.

Fundi wa hapa ni nafuu, tena utamlipa kwa awamu. Mkague mbao. MDF hunyonya unyevu ikavimba. Kwa watu wa Dar na Tanga, ongeza pesa upate marine board.

Umeme ndio unaomaliza mfuko. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo umenunua 100 unatumia 50. Ya lithiamu hutumika karibu yote na hudumu zaidi, ila bei yake huuma. Zote mbili hizi ni za kulisha friji. Beba deli la barafu na taa ya kuchaji, gharama hiyo ifutike.

Viti vikishang'olewa, kadi ya gari haifanani tena na kilichomo ndani. Trafiki atauliza. Bima nayo inaweza kugoma kulipa siku ya ajali, kwa hiyo wataarifu mapema. Na siku ya kuuza, wanunuzi ni wachache.

Ushauri wangu: nunua gari la familia ambalo viti vyake hulala. Godoro la kukunja, mapazia, wavu wa mbu dirishani, basi. Jumatatu linapeleka watoto shule.

Usidhani utakwepa malipo hifadhini: kuna kiingilio cha mtu, cha gari, na tozo ya kambi hata ukilala garini. Jiko liwashwe nje. Moshi wa mkaa ndani ya gari unaua.

Mwenye safari moja tu ya Desemba akodi, na kabla ya kusaini aulize kikomo cha kilomita kwa siku, amana inarudi lini, na pancha ni ya nani.