Askari anayetaka kuishi kwa brashi atazame soko kwanza

Askari wa Ngara au Biharamulo anayefikiria kuvua sare ili aishi kwa kuchora picha ana swali moja la kujibu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi: nani atamuuzia? Mshahara huingia kila mwisho wa mwezi. Picha hukaa ukutani hadi mnunuzi atokee.

Mfano wa karibu ni wa George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934. Hakuwa polisi, bali mlinzi wa usiku. Alipata kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, huku akijua tayari kuchonga vinyago. Kipaji chake kilipoonekana, aliingizwa miongoni mwa wasanii wa hapo. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa na wanunuzi Ulaya na Marekani. Lindo lake lilikuwa mlangoni mwa soko lenyewe.

Edward Saidi Tingatinga naye alianza na mtaji mdogo: mbao za dari na rangi ya kawaida ya dukani. Picha ziliuzwa Oysterbay, wanakoishi wageni. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza biashara hadi ikawa ushirika.

Kagera hali ni tofauti. Malori mengi hupita Lusahunga kwenda Rusumo, ila dereva hatafuti picha. Mteja wa kutazamiwa ni mgeni wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, pamoja na wenye hoteli na ofisi. Ushindani nao upo: ng'ambo ya Rusumo, wanawake wa Kirehe, Rwanda, huuza imigongo, mapambo ya ukutani yanayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe.

Kwa hiyo ni busara kuchora kwanza siku za mapumziko, kupeleka picha chache hotelini kwa makubaliano ya kamisheni, na kuandika kila senti ya rangi, mbao na nauli. Mauzo yakilisha nyumba kwa miezi kadhaa mfululizo, hapo barua iandikwe. Mwenye duka anayepokea picha hizo hafungi mtaji wake, kwani hulipa baada ya kuuza. Anayebeba hasara ni mchoraji, na sare ikisharudishwa stoo si rahisi kuipata tena.